Kwa Rashidi, Niliyemwandikisha kwa Jina Langu

Mpwa wangu Rashidi,

Nimeanza barua hii mara tatu na mara tatu nimeinuka. Mara ya kwanza nilikwenda kumfunga mbuzi, nikamkuta amefungwa. Mara ya pili nilikwenda kutazama kama mtungi una maji, na maji yalikuwamo. Mara ya tatu sikumbuki nilikwenda kufanya nini, nilijiona tu nimesimama uani na kalamu mkononi. Unanijua mjomba wako, kukaa kitako si jambo nililojaliwa, lakini hata kwangu mimi hali hii imezidi. Safari hii sitainuka mpaka nimalize. Naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile nilizoanza kukufundisha mimi kabla ya mwalimu, maana hizi za Kizungu zinanichosha mkono.

Salamu nimeziruka, usinihesabie ukosefu wa adabu. Hali yako siwezi kukuuliza, na yangu utaiona humu ndani.

Kijijini wamewajengea baraza. Mko wanne, wewe na wenzako watatu mliotoka hapa nyuma ya Msambweni kwenda vitani na hamkurudi. Shauri lilianzishwa na Juma, yule mliyeondoka naye siku moja, mkatenganishwa mlipofika Nairobi. Yeye alirudi na mguu mmoja mfupi, na sasa ni mwashi huko Ramisi, kwenye kiwanda cha sukari. Juma alisema Wazungu wana majiwe yao mjini, marefu, ya kutazamwa mpaka shingo iume, na majina yenu hayamo. Akataka na sisi tuwe na letu. Wazee wakaingiwa na wasiwasi. Wakauliza ni jiwe gani hilo, kaburi si kaburi, kesho watu wataanza kulipelekea ubani. Wakabishana wiki mbili. Mwisho wakakubaliana lisiwe jiwe la kusimama, liwe la kukalia. Baraza ndefu ya mawe ya pwani pale njia panda, karibu na kisima cha msikiti, yenye mgongo wa kuegemea, na majina yaandikwe kwenye mgongo huo. Mpita njia akichoka akae, akishakaa awasomee Fatiha. Niliona ni shauri zuri sana, nikajitolea kubeba mawe. Niliona hivyo mpaka karatasi ya majina ilipokuja kutoka bomani Kwale.

Ulikuwa umeandikwa Rashidi bin Salimu.

Najua unajua. Haya ninayoyaandika sikuelezi kwa sababu huyajui, nayaeleza kwa sababu nimeyanyamazia zaidi ya miaka kumi, na kunyamaza kumenichosha kuliko kubeba mawe.

Mama yako, dada yangu Mwanamisi, alipofariki, meno yako ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanang'oka. Kwetu Wadigo hilo halikuhitaji kikao. Mtoto ni wa tumbo la mamake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Nilikuja asubuhi, nikakunja mkeka wako, nikakushika mkono. Baba yako Hamadi alikuwa kibarazani anashona. Hakuinua kichwa, akawa anazungusha tu gurudumu la cherehani. Siku nyingi baadaye mke wake wa pili alinisimulia kwamba asubuhi ile cherehani haikuwa na uzi.

Hukwenda mbali lakini. Kati ya nyumba yangu na yake ni minazi saba tu. Ulikuwa ukila kwangu, unavuka unakula kwake, kisha unarudi na kuniambia una njaa. Nilikuita mbuzi wa mazizi mawili, nawe ukawa unanilialia kimbuzi mpaka nikucheke. Mungu hakunijalia mtoto, Rashidi. Nilioa wake wawili, wote wawili niliachana nao, na wote wawili wakaenda kuzaa kwengine, kwa hiyo hata mtu wa kumsingizia sikupata. Ulipokuwa ukilala kwenye mkeka wako, mdomo wazi, miguu imetapakaa, mimi nilikuwa nakutazama na kujiambia huyu ni wangu. Sheria ya kwetu inaniunga mkono. Huyu ni wangu.

Unakumbuka kifuo chetu, ule mti wa ncha tuliousimika ardhini kwa kufulia nazi? Ulipoanza ulikuwa mvivu wa mikono na mwepesi wa maneno, nazi moja na hadithi tatu. Kisha mwaka mmoja tu ukabadilika, ukarefuka, ukapata mabega. Siku ile ulinishinda. Mimi nilikuwa bado nahangaika na rundo langu, wewe umemaliza lako, umekaa juu ya makumbi unakunywa dafu na kunitazama. Ukaniambia, "Mjomba, nikusaidie?" kwa ile sauti yako ya unyenyekevu ambayo haikuwa na unyenyekevu wowote. Nilinuna siku nzima. Furaha niliyokuwa nayo ndani sikukuonyesha. Leo najuta kwamba sikukuonyesha.

Hasira yangu na baba yako ilianzia kwenye harusi ya jirani, hapa hapa. Watu walikuwa wamekula biriani, midomo imelegea, na Hamadi akasema mbele ya wote kwamba yeye ameshamuuliza shehe, na shehe amemwambia mali ya mtu ni ya mwanawe, si ya mpwawe. Akasema minazi yake itakuwa ya Rashidi. Mwanangu Rashidi, alisema. Mwanangu. Wengine wakatikisa vichwa kukubali, maana mambo hayo ya dini ndiyo yaliyokuwa yakisemwa wakati ule, na ni haki, siyapingi. Lakini mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba anakudai. Nilinawa mikono, nikaondoka kabla ya kahawa.

Haukupita muda mrefu, watu wa serikali wakaja kutafuta vijana wa kwenda jeshini. Mzee wa kijiji alikuja kwangu, kama ilivyostahili, na Hamadi akaja nyuma yake bila kuitwa. Alisema wewe hapana. Alisema una mkono wa kushona, ameanza kukufundisha, na kifua chako si kizuri wakati wa baridi. Alipokuwa akisema hayo hakunitazama mimi, alimtazama mzee wa kijiji, kana kwamba mimi ni mlango. Na kwa sababu Hamadi alisema hapana, mimi nikasema ndiyo. Naapa, laiti angesema ndiyo, ningekuficha kisiwani Funzi mpaka vita vimalizike. Hivi ndivyo ulivyokwenda vitani. Si kwa ajili ya mfalme, wala si kwa ajili ya mshahara. Wanaume wawili walikuwa wakivutana nguo, na wewe ndiye uliyekuwa nguo.

Nilikupeleka Kwale mwenyewe. Tulipanda kilima umenitangulia, unaimba. Wenzako walibaki nje kwenye mstari, mkawa mnaingizwa mmoja mmoja, na mimi nikajipenyeza nawe kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wako. Karani alikuwa mtu wa bara, amechoka, hakuinua macho. Aliuliza jina lako, ukajibu. Aliuliza jina la baba. Nikajibu mimi. Nilisema, "Salimu."

Na wewe ulisema neno hapo. Nitalifikia. Usinisukume.

Habari zako zilipokuja, hazikwenda kwa Hamadi. Niliitwa mimi bomani, nikapewa karatasi, nikasomewa kwamba umefia Bama, ng'ambo ya bahari, kwenye misitu, na huko umezikwa. Sikumbuki nilivyoteremka kile kilima. Nakumbuka nilifika kwa baba yako, naye alikuwa ameshika kipande cha kanzu, mkono mmoja tu wa kanzu, nikamwambia. Alilia. Halafu akapangusa uso kwa ule mkono wa kanzu, akaniuliza kwa nini wameniita mimi. Rashidi, nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, nilichotakiwa ni kupita tu. Lakini nilikuwa nimebeba maiti yako kifuani tangu Kwale, sikuwa na nguvu ya kubeba na aibu. Nikamwambia, "Ndivyo alivyojiandikisha mwenyewe."

Khitma tukaisoma nyumbani kwangu, kwa kuwa karatasi ilikuwa yangu. Yeye alikuja, akavua viatu, akakaa karibu na mlango pamoja na watu wa mbali. Nilimwona. Nikamwacha akae pale.

Miaka ikapita hivyo. Tulikuwa tunaamkiana njiani, alikuwa ananishonea kanzu za Idi, na mimi nampelekea nazi. Watu walidhani tumepatana.

Sasa nikuambie kilichonitoa usingizi. Siku nne kabla majina hayajaandikwa, Hamadi alikuja kwangu baada ya sala ya alasiri. Amekonda, macho hayamwoni tena uzi, sasa mjukuu wa mkewe ndiye anayemtungia sindano. Nikadhani amekuja kudai jina libadilishwe, na nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno yangu tayari kuhusu mila, na tumbo la mama, na karatasi ya serikali. Nilikuwa nimeyapanga vizuri sana.

Akakataa kiti. Akasema, "Salimu, sikuja kwa shari. Jina libaki kama alivyolitaka mwenyewe. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja, maana wewe ulikaa naye. Yule mtoto, nilimkosea nini?"

Nilimwambia sijui.

"Nimefikiri miaka yote," akasema. "Niliwahi kumpiga mara moja, alichezea mkasi. Nikafikiri labda ni ule mkasi."

Nikamwambia tena sijui. Akashukuru, akaondoka polepole kati ya minazi.

Tangu saa ile sikutulia. Nilifua nazi ambazo hakuna aliyeniagiza, mpaka viganja vikachubuka. Nilikwenda Diani kwa miguu kumtazama jamaa ambaye sina haja naye, nikafika, nikamwamkia, nikarudi. Nilihamisha kitanda changu kutoka ukuta huu kwenda ule, kisha nikakirudisha. Msikitini imamu alikuwa anasoma na mimi nahesabu mihimili. Kila nilipokaa niliuona ule mkasi. Mtu mzima, mzee, amehangaika miaka kumi na mkasi, anatafuta kosa ambalo halikuwapo, na kosa lilikuwa limekaa mbele yake limevaa kanzu aliyoishona yeye.

Nilijaribu kujitetea, usidhani sikujaribu. Nilijiambia kwa mila zetu sikusema uongo. Nilijiambia nikisema sasa nitamuumiza mzee wa watu. Kisha nikaiona vizuri hofu yangu ilivyo. Niliogopa kufutwa. Ile baraza itadumu kuliko sisi sote, na mimi sina mtoto mwengine popote. Bin Salimu pale ukutani ndiye mwana pekee nitakayekuwa naye duniani. Ukitaka kujua mjomba wako alikuwa anagombania nini, ni hilo tu. Mtu asiye na mtoto anaweza kuwa mwizi, mpwa wangu, na akalala vizuri.

Siku ya majina watu walikuja mapema. Juma alipiga lipu kwenye mgongo wa baraza, akailainisha kwa mwiko, kisha akatoa msumari mrefu na ubao wa kunyooshea mistari. Akatuambia tusimzungumzishe sana, simiti haingoji mtu, jua likipanda itakauka na kilichoandikwa kimeandikwa. Hamadi alikuwa amesimama nyuma, upande wa kisima, kwenye watu wa mbali. Mimi waliniweka mbele pamoja na wazazi wa wale wengine. Mmoja alikuwa mama, analia kwa sauti ndogo. Juma akaandika la kwanza. Akaandika la pili. Kila alipomaliza jina, mwenye mtoto aliligusa kwa ncha ya kidole na watu wakasoma Fatiha. Akaandika la tatu. Akaanza lako. Rashidi. Kisha bin.

Nikasema, "Juma, simamisha mkono."

Akageuka. Wote wakageuka. Nilisema kwa sauti, ili na wa kisimani wasikie, kwamba mtoto hakujiandikisha kwa jina langu. Mimi ndiye niliyemtajia karani jina la Salimu, na nilifanya kwa makusudi, kwa kumkomoa babake. Nilisema miaka yote nimemwacha Hamadi aamini kwamba mwanawe alimkana, na haikuwa hivyo.

Mzee mmoja akaanza kusema tumwogope Mungu, mwengine akamshika mkono anyamaze. Hamadi akaja mbele. Watu walimpisha. Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Akasimama karibu sana na mimi, kwa sababu ya macho yake, akaniuliza, "Na yeye? Uliposema hivyo, yeye alisema nini?"

Hapa ndipo nilipokuahidi nitafika.

Nilimwambia kama ilivyokuwa. Niliposema Salimu, wewe ulimtazama karani ukasema, "Baba yangu ni Hamadi, fundi cherehani. Yuko nyumbani." Ulisema bila ukali, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mimi nikakuminya bega. Nikamwambia karani aandike nilivyosema mimi. Naye akakuuliza ipi ni ipi, na wewe ukaangalia chini, ukasema, "Andika alivyosema mkubwa wangu." Adabu niliyokufundisha mimi mwenyewe, ndiyo niliyoitumia kukunyang'anya.

Hamadi alisema, "Sema tena."

Nikasema tena. Juma akaniambia kwa taratibu kwamba simiti inakauka. Hamadi hakumsikia. "Sema tena lile la kwanza," akasema. Nikalisema mara ya tatu, baba yangu ni Hamadi, fundi cherehani, yuko nyumbani, na midomo yake ilikuwa inafuatisha. Kisha akamwendea Juma, akauchukua msumari. Hajui sana kuandika na haoni, kwa hiyo Juma alimshika mkono akamwongoza. Herufi za Hamadi zimepinda kidogo kuliko nyengine. Simiti ilikuwa imeanza kushika, ilibidi akandamize kwa nguvu zake zote.

Alipomaliza hakunitazama. Hakunipa mkono. Watu walitawanyika, na mimi nikabaki nimesimama pale, si baba wa mtu yeyote. Nilidhani nitapata raha. Watu husema ukishasema kweli kifua hupoa. Changu hakikupoa, ila angalau sasa najua kinauma wapi.

Hayo yalikuwa siku kumi na mbili zilizopita. Kesho yake, baada ya alasiri, nilisikia hodi. Alikuwa Hamadi. Hakuingia, hakutaka kiti wala kahawa. Alisimama mlangoni akasema, "Hebu niambie tena." Nikamwambia. Akasikiliza mpaka mwisho, akaondoka. Siku ya pili akaja. Siku ya tatu. Hakosi. Na kila siku, ili afike kwenye neno lako, lazima nipite kwenye neno langu. Lazima niseme, nikamwambia karani Salimu. Hanisaidii, hanirukishi. Anasubiri nilitamke.

Jana aliniuliza jambo jipya. Aliuliza kama ulikuwa na huzuni ulipomtaja. Nikaona mdomo wangu unafunguka kumwambia ndiyo, alikuwa na huzuni, machozi yalimlenga, alisema nikusalimie sana. Ingemfurahisha mno. Ingemtosha mpaka aingie kaburini. Nilikuwa nimeshavuta pumzi, Rashidi. Nikaiona hatari. Nimekuwa nikikupamba na kukugeuza nipendavyo tangu ukiwa hai, na nikianza tena sasa, mwisho atakuwa anasikiliza mtoto niliyemtengeneza mimi, si aliyemzaa yeye. Nikamwambia sijui kama ulikuwa na huzuni, sikukutazama usoni. Hiyo ndiyo kweli. Sikukutazama. Hamadi alitikisa kichwa akaenda zake.

Ndiyo maana naandika. Nimekuwa mtu mzima, maneno yananichanganyika, na niliyoyasema mara nyingi hivi yataanza kuota majani. Nataka yawe mahali yalivyo, bila langu ndani yake. Baba yangu ni Hamadi, fundi cherehani. Yuko nyumbani. Ulisema hayo tu, hukuongeza.

Sikuombi radhi kwa barua. Radhi ya mtu aliyekufa ni rahisi mno kuipata, anayeiomba hujijibu mwenyewe. Mungu akulaze panapolingana na upole wako, huko huko kwenye misitu ambayo mimi siwezi hata kuifikiria.

Naona kivuli chake kati ya minazi, leo amekuja mapema. Ameanza kupiga hodi. Naweka kalamu chini, nakwenda kumwambia.

Ni mimi, ndugu wa mama yako,
mjomba wako,
Salimu